Sheria Nyembamba Kuliko Unywele



Katika nchi yetu ya Uganda pana sheria juu ya mifuko ya plastiki ambayo sisi sote, wakubwa kwa wadogo, twaivunja kila siku bila ya kuona haya wala hofu. Anunuaye sabuni dukani apewa kaveera. Anunuaye mkate, ambao tayari umefungwa vizuri kiwandani, apewa kaveera ya pili juu ya ile ya kwanza. Hata anunuaye ndimu mbili apewa kaveera. Mwenye kutoa si mwovu, na mwenye kupokea si mwovu. Polisi apitapo haoni neno, maana naye mkononi anayo yake.

Watu wengi husema ati sababu ya mambo haya ni ukaidi wa wananchi, na ya kuwa Waafrika hatupendi usafi. Mimi siafiki maneno hayo hata kidogo. Fikra yangu ni kwamba sheria yetu imeshindwa kwa kuwa imeandikwa juu ya jambo lisiloweza kuonekana kwa macho, na kwa kuwa haikumfunga kila mtu kwa siku moja. Nitajaribu kuonyesha hayo, kisha nitasema yafaa ifanyweje.

Kwanza tuutazame mfuko wenyewe, tusije tukauhukumu bila ya kuusikiliza. Plastiki iitwayo polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933 na wakemia waliokuwa wakitafuta jambo jingine. Mfuko wenye mikono miwili, kama huu tuujuao leo, ulibuniwa na Mswidi mmoja, Sten Gustaf Thulin, na hati ya ubunifu ilitolewa Marekani mwaka 1965. Mwanawe amesimulia kwamba baba yake alitumaini mfuko huo ungeokoa miti iliyokuwa ikikatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba mwenyewe alizoea kutembea na mmoja, ameukunja na kuutia mfukoni, autumie tena na tena.

Basi mfuko haukuzaliwa na ubaya. Ni mwepesi, hauvuji, na bei yake ni ndogo. Ubaya umo katika desturi. Twautumia kwa muda wa kutoka dukani hadi nyumbani, kisha twautupa, hali kitu chenyewe hakiozi kama lioza jani la mgomba.

Madhara yake twayajua, nami sitayataja kwa urefu. Mashambani mfuko ukifukiwa ndani ya udongo huzuia maji ya mvua yasishuke, na mizizi ya mahindi haipati njia. Ng'ombe na mbuzi huila mifuko yenye chumvi au maganda ndani yake, ikakaa tumboni isitoke. Mjini Kampala mvua ikinyesha, mitaro inayoelekea Mfereji wa Nakivubo huziba, maji yakapanda barabarani na kuingia madukani. Yakituama huwa makao ya mbu. Na jikoni pia desturi imegeuka. Mama zetu walifunika matoke kwa majani ya migomba. Leo wapishi wengi hufunika kwa kaveera katika mvuke wa moto, na wengine huwashia makaa kwa kaveera hiyo hiyo, watoto wakivuta moshi wake.

Tarehe 10 Agosti 1924 hakuna aliyejua kaveera ni nini. Tarehe 10 Agosti 2024, miaka mia baadaye, mlima wa takataka za Kampala uliporomoka huko Kiteezi, ukafukia nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi kwamba mfuko wa plastiki ndio uliowaua. Nasema kwamba nchi itupayo kila siku vitu visivyooza yajenga milima, na chini ya milima hiyo wakaa watu maskini.

Sasa tuje kwenye sheria. Mwaka 2007, katika hotuba ya bajeti, Serikali ilitangaza kwamba mifuko ya plastiki iliyo chini ya maikroni 30 imepigwa marufuku, na ile iliyo minene zaidi itatozwa kodi kubwa. Mwaka 2009 Sheria ya Fedha ilikataza kuingiza, kutengeneza, kuuza na kutumia mifuko ya polithini. Lakini haikusimamiwa, ikabaki vitabuni. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba mifuko hii yavunja haki ya raia ya kuishi mahali safi penye afya, haki ambayo imo katika ibara ya 39 ya Katiba yetu ya mwaka 1995. Mwaka 2015 watu wa NEMA, yaani mamlaka ya mazingira, walianza kuingia madukani na kuichukua mifuko. Wenye viwanda walilalamika, na kazi hiyo haikudumu. Halafu ikaja Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019, nayo ikarudi pale pale tulipoanzia: iliyokatazwa ni mifuko iliyo chini ya maikroni 30.

Kumbe, ndugu zangu, maikroni 30 ni kitu gani? Hapa naomba ruhusa ya kusema kama mwanafunzi wa Fizikia. Milimita moja ina maikroni 1,000. Maikroni 30 basi ni sehemu 3 katika 100 za milimita. Unywele wa kichwa cha binadamu hutofautiana baina ya mtu na mtu, lakini mara nyingi unene wake huwa karibu maikroni 70. Kwa hiyo sheria yetu yamwamuru mwenye duka apambanue baina ya kitu na kitu kwa kipimo kilicho nyembamba kuliko nusu ya unywele.

Katika maabara ya shule ya sekondari pana chombo kiitwacho mikromita, nacho ndicho tunachofundishwa kupimia vitu vyembamba kama waya. Alama yake ndogo kabisa ni milimita 0.01, maana yake maikroni 10. Mpaka wa sheria ni alama tatu tu katika chombo hicho. Mfuko wa maikroni 27, ambao ni haramu, na mfuko wa maikroni 33, ambao ni halali, kwa macho ya msomaji wa chombo ni karibu sawasawa. Mwalimu atasema, na kwa haki, kwamba twaweza kuukunja mfuko mara kadhaa, tukapima tabaka nyingi pamoja, kisha tukagawanya. Hiyo ni hesabu njema kwa mtihani. Lakini ni mwuzaji gani wa nyanya atakayekaa sokoni na mikromita? Ni polisi gani atakayekunja kaveera ya kila mpita njia, akapima, akagawanya, ndipo amkamate?

Hapo ndipo palipo na kiini cha maneno yangu. Sheria ikitaja jambo lisiloonekana, mwenye kuivunja hajijui, mwenye kuisimamia hana ushahidi, na mwenye hila hupata kichaka cha kujificha. Kiwanda chaweza kudai kwamba mifuko yake yote ni ya maikroni 31. Ni nani atakayekanusha? Amri ya Mungu yasema, "Usiibe," na kila mtoto aelewa. Haisemi, "Usiibe kitu kilicho chini ya gramu kadhaa."

Nisemayo si ya kubuni. Jirani zetu wa Kenya wameipita njia hii, nasi tungeweza kujifunza kwao bila ya kulipa ada. Mwaka 2007 walikataza mifuko iliyo chini ya maikroni 30, wakashindwa. Mwaka 2011 walipandisha kipimo kikawa maikroni 60, wakashindwa tena. Mwaka 2017 waliacha kuhesabu maikroni. Tangazo la Serikali lilitolewa mwezi wa Februari, watu wakapewa miezi sita ya kujitayarisha, na tarehe 28 Agosti 2017 mifuko yote ya plastiki ya kubebea vitu ikawa marufuku, minene kwa myembamba. Adhabu iliyotajwa ilikuwa kali mno: faini kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 za Kenya, au kifungo kati ya mwaka 1 na miaka 4. Mimi naona adhabu hiyo ilizidi, nami nitarudi kwenye neno hilo. Lakini amri yenyewe ilikuwa wazi. Mtu akionekana na mfuko wa plastiki mkononi, hapana haja ya chombo cha maabara.

Tanzania nao wakafuata. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imekatazwa Tanzania Bara, na kanuni zao zataja wazi kwamba ni marufuku bila ya kujali unene. Zanzibar walikwisha tangulia zamani, mwaka 2006. Rwanda walipitisha sheria yao mwaka 2008, na msafiri afikaye mpakani kwao aijua vizuri, maana mizigo hukaguliwa na kaveera huachwa pale pale. Watu wengi huusifu mji wa Kigali kwa usafi wake, wakadhani ni tabia ya kuzaliwa nayo. Sidhani. Wamewekewa sheria ambayo mtoto wa miaka saba aweza kuieleza.

Na sisi tumekuwa nini kati ya majirani hawa? Yasikitisha kusema, lakini tumekuwa ghala. Baada ya mwaka 2017 magazeti ya Kenya yalieleza mara nyingi habari za mifuko iliyovushwa kwa magendo kutoka Uganda, na mpaka wa Busia ukitajwa sana. Mtu akisafisha ua wake, na jirani akaendelea kumwaga taka ukutani, usafi huo haukamiliki. Twapenda kuimba habari za Afrika ya Mashariki kuwa jumuiya moja. Basi jumuiya hiyo isiwe ya nyimbo tu.

Najua wapo watakaosema, "Kwa nini tungoje sheria? Kila mtu aanze mwenyewe. Mwenye duka na akatae kutoa kaveera, mnunuzi na achukue kikapu." Ni maneno mazuri, nasi huyasikia sana katika mahubiri na katika mijadala. Lakini nataka mmsikilize shangazi yangu, ambaye huuza nyanya, vitunguu na bilinganya katika soko dogo. Siku moja ya likizo nilimwuliza, "Shangazi, wewe ni mtu wa kanisa, nawe wajua madhara ya kaveera. Mbona usiache kuzitoa?"

Alinijibu, "Mwanangu, kaveera nazinunua mimi kwa fedha yangu. Wadhani nazipenda? Lakini mteja akiuliza mfuko nami nikamwambia sina, atasema asante, kisha atavuka hatua tano kwa jirani yangu. Jioni mimi nitabaki na sifa njema na nyanya zinazooza."

Nikamwuliza kama angependa sheria. Akasema, "Wakituambia sote siku moja, mimi na jirani yangu na yule wa duka kubwa, nitashukuru. Wakinianza mimi peke yangu, nitajua wamenionea."

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya maneno yake. Hayo ndiyo maana ya sheria nzuri. Mtu mmoja akiacha jambo baya peke yake huenda akapata hasara. Wote wakiliacha pamoja, hapana apataye hasara. Mchuuzi hawezi kuwafunga jirani zake, Serikali yaweza. Kumbe sheria ya namna hii haimwondolei mchuuzi uhuru wake. Yampa uhuru wa kufanya alilokwisha kujua kuwa ni jema. Na sheria isiyosimamiwa yafanya kinyume chake: yampa hasara mwenye kuitii na faida mwenye kuidharau. Kijana akikua akiona hayo kila siku dukani, atajifunza kwamba sheria za nchi ni karatasi. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko mitaro iliyoziba, maana mtaro waweza kuzibuliwa kwa jembe.

Wapo wengine wenye hoja zenye uzito zaidi, nao yafaa wajibiwe kwa heshima.

Wa kwanza ni wenye viwanda na wafanya kazi wao. Wasema mifuko ikikatazwa kazi zitapotea. Ni kweli kwamba zipo kazi zitakazopotea, na asemaye hapana hata moja hasemi kweli. Lakini mitambo na watu watengenezao mfuko waweza kutengeneza vitu vingine vya plastiki vitumikavyo miaka, kama mabomba ya maji, madebe na viti. Kadhalika, kila mfuko usiotolewa ni nafasi kwa mtu mwingine: mshonaji wa mifuko ya nguo, mfumaji wa vikapu vya ukindu, mwuzaji wa majani ya migomba. Yafaa wapewe muda wa kugeuza kazi, kama Wakenya walivyopewa miezi sita. Muda ni haki yao. Kuachiwa milele si haki yao.

Wa pili wasema sheria hii itamwumiza maskini, maana kikapu ni ghali na kaveera ni bure. Si bure. Shangazi amekwisha kutuambia nani huilipia, naye ni mchuuzi maskini. Na hapana shaka sehemu ya bei hiyo imo ndani ya bei ya nyanya. Mama zetu wa zamani hawakuwa matajiri kuliko sisi, nao walikwenda sokoni na vikapu. Kikapu kimoja hukaa mwaka na zaidi.

Wa tatu ni wasomi, nao nawaogopa zaidi. Wasema mifuko mingine nayo ina madhara. Mwaka 2011 idara ya mazingira ya Uingereza ilitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba mfuko wa pamba hauna budi kutumiwa mara 131 ndipo madhara yake juu ya joto la dunia yalingane na ya mfuko wa plastiki uliotumiwa mara moja, na mfuko wa karatasi mara 3. Naikubali hesabu hiyo. Lakini tazameni: mtu aendaye sokoni mara mbili kwa juma na mfuko wake wa pamba atafikisha mara 131 katika mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Tena hesabu ile yahusu joto la dunia. Haikupima mtaro wa Nakivubo wala tumbo la ng'ombe. Funzo lake kwangu ni kwamba tusibadilishe kaveera kwa mifuko ya karatasi ya kutupa, tukajisifu. Jambo lililo kubwa ni kutumia kitu kimoja mara nyingi, kiwe cha nguo, cha ukindu au cha gunia.

Wa nne wasema watu wafundishwe kwanza, sheria ije baadaye. Hawa nawajibu kwa mfano wa Ireland. Mwezi wa Machi mwaka 2002 Serikali yao iliamuru kila mnunuzi atakaye mfuko wa plastiki alipe senti 15 za Ulaya, naye azilipe mwenyewe pale dukani, azione zikiandikwa katika risiti. Kabla ya hapo mtu mmoja alitumia mifuko karibu 328 kwa mwaka. Baada yake ikashuka hadi 21. Je, watu wa Ireland walipata elimu mpya katika mwezi mmoja? Hapana. Elimu walikuwa nayo. Kilichoongezwa ni jambo dogo lililoonekana kwa macho, lililomgusa kila mtu kwa siku ile ile. Mafunzo ni mema, wala siyadharau mimi niliye mwanafunzi. Lakini hapa Uganda tumefundishwa tangu mwaka 2007, na tungali twabeba kaveera.

Baada ya kusema hayo, haifai nikae kitako nilaumu tu. Yafuatayo ndiyo maoni yangu juu ya namna ya kuirekebisha sheria.

Kwanza, maikroni yaondolewe katika habari ya maduka. Sheria na iseme hivi tu: mwenye duka, awe mkubwa au mdogo, asimpe mnunuzi mfuko wa plastiki wa kubebea vitu. Mifuko inayofunga bidhaa kiwandani, ya dawa, ya hospitali na ile ya kuoteshea miche iachwe, kama kanuni za Tanzania zilivyoziacha bidhaa za viwanda, za tiba na za kilimo. Mtu yeyote ajua tofauti ya pakiti ya chumvi na mfuko wenye mikono miwili.

Pili, siku iwe moja kwa nchi nzima, nayo itangazwe mapema redioni, makanisani na misikitini, kwa lugha zote zisemwazo na watu. Hapa Kiswahili chaweza kufanya kazi kubwa, maana ndicho kitakachofahamika pia ng'ambo ya mipaka.

Tatu, kazi ianzie juu: kwenye viwanda, kwa waingizaji na katika maduka makubwa. Mchuuzi wa sokoni awe wa mwisho kuguswa. Mto huzibwa kwenye chemchemi. Azibaye kwenye bahari ajisumbua. Mwaka tutakapoona akina mama wakinyang'anywa kaveera sokoni na huku mitambo ikiendelea kuzitoa usiku na mchana, tutajua kwamba haki haipo.

Nne, adhabu ya mtu wa kawaida iwe ndogo lakini isikose. Tanzania waliweka faini isiyopungua shilingi 30,000 za kwao na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, kwa mtu aonekanaye akitumia mfuko. Na kwa watengenezaji adhabu ni kubwa zaidi. Naona hiyo ni hekima kuliko kumtisha mwanamke wa sokoni kwa miaka 4 gerezani. Adhabu kubwa mno haitolewi, maana hakimu mwenyewe huona huruma. Au hugeuzwa kuwa bei ya rushwa. Adhabu ndogo itolewayo kila mara hufundisha zaidi.

Tano, shule zetu zisingoje. Hapa simaanishi insha na michoro ya ukutani, ambayo tumeifanya ya kutosha. Namaanisha kwamba duka la shule lifuate leo kanuni ile tunayoitaka kwa nchi: lisitoe mfuko hata mmoja kwa mwanafunzi, mwalimu wala mgeni. Siku ya wazazi kutembelea, tangazo litumwe mapema kwamba vyakula viletwe katika vikapu au vyombo. Kwa kuwa kanuni itawafunga wote, hapana mtoto atakayechekwa kwa kuwa mama yake amekuja na kikapu kikuukuu. Na sisi tutakuwa na haki ya kuwauliza wakubwa kwa nini lililowezekana kwa wanafunzi mia kadhaa limewashinda wao.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulionekana tangu mwaka 2007, nao ungali wazi. Waliokuwa wachanga mwaka ule ndio tulio Kidato cha Sita sasa. Tumekua pamoja na sheria hii, wala hatujaona siku moja ikitiiwa. Baadhi yetu tutakuwa walimu, wengine mahakimu, wengine wafanya biashara, na huenda mmoja au wawili wakaingia Bungeni. Nawasihi wenzangu wayakumbuke haya siku watakapopewa kalamu: kabla ya kuandika sheria, jiulizeni kama mwuzaji wa nyanya ataweza kuiona kwa macho yake, na kama jirani yake ataamriwa vivyo hivyo siku ile ile. Kama sivyo, afadhali msiiandike, maana mtaongeza kitu kingine kisichooza katika nchi ambayo imekwisha jaa.

Najua wapo wasiokubaliana nami, hasa wale ambao wazee wao wana maduka. Msema pweke hakosi. Kwa hiyo naomba waandike majibu yao katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa moyo mweupe.